Bill Muncey hakugonga kitu
Kaka, umeuliza Bill Muncey, yule bingwa wa Marekani wa mbio za boti za kasi, aligonga nini hadi akafa. Hakugonga kitu, hewa ndiyo iliyombeba. Boti zile zikishachanganya zinagusa maji kwa ncha mbili za mbele, pamoja na nusu ya propela nyuma, basi; kwingine hewa tupu. Hapa Deep Sea Tanga, boti ya faiba isiyo na mzigo ikitiwa mashine kubwa utaiona inavyonyanyua omo, yaani sehemu yake ya mbele. Sasa omo ikizidi kupanda, upepo unaingia chini, chombo kinapinduka kinyumenyume. Ndivyo ilivyokuwa Acapulco, Meksiko, Oktoba 1981, tena akiwa anaongoza! Alishashinda mashindano 62, na Gold Cup, kombe kubwa la mbio hizo, mara 8. Chip Hanauer aliyerithi usukani akabeba Gold Cup 7 mfululizo, 1982 hadi 1988. Mimi ngalawa yanitosha.