Keki ya Ghorofa Haikatwi Ikiwa Imesimama

Saa tano na nusu usiku simu ikaita. Nilishafika nyumbani Tabata, nimevua viatu, mgongo unaniuma. Alikuwa shangazi wa bibi harusi: "Mwanangu, umetuwekea kuni kwenye keki?" Baba mkwe, mzee wa watu aliyetoka Moshi na basi la alfajiri, alikuwa ametafuna kijiti.

Kijiti nilikiweka mimi. Keki ya ghorofa tatu bila vijiti ndani, kwa joto la Dar, haimalizi hata hotuba ya mwenyekiti wa kamati. Ya juu inazama kwenye ya chini kama mtu aliyekalia godoro la sufi. Kosa langu ni kuondoka bila kumwambia mtu kwamba vimo. Wahudumu wa ukumbi nao wakashusha kisu toka juu mpaka chini, keki imesimama vilevile.

Siku hizi siondoki mpaka nimwone kwa macho atakayekata. Simtafuti mwenyekiti, maana usiku ule ana kreti za bia na soda za kuhesabu. Namtafuta mama mmoja mtulivu wa upande wa bibi harusi, au mhudumu, namwonyesha kila kitu kwa kidole.

Maharusi wakishakata kipande chao na kulishana, keki iondoke mbele za watu, iende jikoni. Toa mapambo yote kwanza. Mawaridi ya dukani hupuliziwa dawa na mengine yamefungwa waya, na lulu nyingine ni za plastiki. Kisha vuta kile kijiti kirefu kilichopita katikati ya ghorofa zote. Kikigoma, tumia koleo. Kila ghorofa imekaa juu ya bodi yake, kwa hiyo pitisha kisu kipana chini ya bodi, inyanyue, iweke mezani peke yake. Vijiti vifupi vilivyobaki wazi ving'oe hapohapo.

Sasa kukata. Pembetatu achia keki ya birthday. Tuseme una ya inchi 10. Ingia ndani inchi 2 kutoka ukingoni, kata duara zima, upate pete nje na keki ndogo ya inchi 6 katikati. Ile pete ikate vipande vya upana wa inchi 1: vinatoka kama 25. Rudia kwenye ile ndogo, upate 12 vingine. Kinabaki kitovu, ambacho mimi humwachia mkataji. Jumla 38. Ya inchi 8 inatoa 24, ya inchi 6 inatoa 12. Keki nzima ni vipande 74.

Ukumbini wapo watu 300. Hapo ndipo wengi hushtuka. Kila kipande kina kimo cha inchi 4, basi kilaze, ukigawe vipande vinne, uchome vijiti vya meno, upange kwenye sinia. 74 mara nne ni 296. Wanne watakosa, na mmoja wao lazima awe shemeji mwenye maneno. Ndiyo maana nashauri keki ya trei ya ladha ileile ifichwe jikoni. Bei yake haifiki ya ghorofa moja, kwa kuwa haina urembo. Keki za wazazi usizihesabu kabisa. Zile huenda nzima kwao, na ukizigusa utakuwa umeanzisha kikao kingine cha ukoo.

Kisu kiwe cha meno, kile cha mkate. Kichovye kwenye jagi la maji moto, kifute, kisha peleka na kurudisha kama msumeno. Ukikandamiza, krimu itatokea ubavuni na kipande kitakuwa kimepigwa ngumi.

Halafu wafungieni maharusi vipande viwili kwenye kontena mapema. Nimeshapigiwa simu na bibi harusi Jumatatu akiniuliza keki yake ilikuwa na ladha gani.

Siku hizi pia juu ya boksi naandika kwa kalamu nene: VIJITI VIFUPI 9, KIREFU 1. Mkataji avihesabu kabla sinia halijatoka jikoni. Mwezi uliopita nikapigiwa tena usiku, mama wa watu anatetemeka: "Dada, tumepata vinane." Nikamwambia asitoe hata sinia moja, anyanyue bodi ya ghorofa ya katikati aangalie chini yake. Kimya. Nasikia muziki, nasikia vyombo. Kisha akacheka: kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye bodi, kimepakwa krimu, kimelala kama mjusi.