Mkialika watoto ishirini, hesabuni watu wazima kwanza

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Unaandaaje chakula cha sherehe ya watoto wadogo bila kufilisika?" Mimi naishi Umoja, nina watoto wawili ambao hawajafika darasa la pili, na kwenye ploti yetu ni nadra mwezi kwisha bila baluni kufungwa getini. Jibu langu ni kwamba watoto hawafilisi mtu. Wanaomaliza pesa ni watu wazima waliowaleta, na saa uliyoandika kwenye kadi ndiyo inayoamua watakula nini.

Andika "Jumamosi, saa sita mchana" na hapa Nairobi umeshaahidi pilau. Mtu anatoka Rongai au Kitengela, anapanda matatu mbili, hajala kwake kwa sababu ya kadi yako, na ana haki ya kungoja sahani. Pengine atakuja na dadake. Ukishapikia watu wazima kumi na watano pilau ya nyama, umetumia pesa ambazo zingewalisha watoto wote wa ploti na chenji ikabaki, na watoto wenyewe wamechokorachokora wali wakaenda zao. Sasa andika "saa tisa hadi saa kumi na moja, keki na vitafunio." Kila mtu atakula kwake kwanza. Watu wazima wawekee chupa mbili tatu za chai ya tangawizi na beseni la mandazi, na hakuna atakayelalamika, isipokuwa yule mjomba ambaye hulalamika hata harusini.

Tukirudi kwa watoto. Mtoto wa miaka mitatu aliyeona baluni hali. Anauma mara moja, anaacha, anakimbia, anarudi kuuliza kama keki imekatwa. Ndiyo maana sipimi chakula kwa sahani bali kwa vipande: vipande 6 vidogo kwa kila mtoto, halafu matunda, halafu keki. Watoto 20 ni vipande 120. Idadi hiyo inatisha kidogo mpaka uone chapati inavyoipunguza.

Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano hutoa chapati 20 hivi za saizi ya kawaida. Kila moja ikate mara nne, tayari una vipande 80. Na watoto wetu bado huiona chapati kuwa chakula cha sikukuu, hata kama mama yao huinunua kibandani na maharagwe siku za kazi. Kanda kwa maji vuguvugu, uache donge lipumzike nusu saa, na usizikaushe kwenye kikaango. Chapati ngumu mtoto huitafuna kidogo na kuiacha chini ya kiti. Zipike asubuhi, zifunge kwa kitambaa safi ndani ya hotpoti. Karibu na saa ya wageni, ponda parachichi na ndimu na chumvi kidogo, paka, kunja, kata. Parachichi likiwa limepanda bei, yai la kukaanga jembamba linafanya kazi hiyo hiyo.

Vipande 40 vinavyobaki ni viazi karai na soseji. Viazi vichemshwe bila kuvurugika, vichovywe kwenye unga uliokorogwa na bizari na chumvi, vikaangwe. Pilipili iwekwe kando kwenye ukwaju wa watu wazima. Soseji 5 zikikatwa vipande vinne kila moja zinatoa 20, kwa hiyo pakiti moja inatosha. Najua kuna watakaosema kipande kimoja cha soseji kwa mtoto ni ubahili. Ni kweli, ni ubahili, ndiyo maana tukaitwa kujibu swali hili.

Hiyo soseji ikateni kwa urefu, si mviringo. Kipande cha mviringo kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo kama kizibo. Zabibu mbichi nazo zipasuliwe kwa urefu. Njugu, bisi na pipi ngumu wasipewe walio chini ya miaka minne, hata wakililia, na hili ni gumu kwa sababu bisi ndicho kitafunio rahisi kuliko vyote: kikombe kimoja cha mahindi ya bisi kinajaza sufuria kubwa. Mimi huziweka juu ya kabati na kuwagawia wakubwa kwa mkono. Na watoto wale wakiwa wamekaa, mkeka ukitandikwa. Mtoto asipande lile jumba la hewa la kurukia na viazi mdomoni.

Kabla ya kununua chochote, waulize wazazi kwa simu kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, mayai au maziwa. Uliza pia kuhusu nyama. Ploti zetu zina Waislamu, Waadventista, na familia zisizogusa nyama kabisa, kwa hiyo nunua soseji ya ng'ombe au kuku yenye alama ya halali, na uiweke kwenye sinia yake peke yake. Viazi vikaangwe kwanza, soseji mwisho, ili mafuta yasichanganyike. Kukaanga soseji mwisho kuna faida nyingine: chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na sherehe za huku hazianzi kwa wakati.

Ununuzi usiwasumbue. Mimi huenda soko la Mutindwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, nachukua matikiti mawili makubwa na ndizi mbivu. Watu husifu Marikiti, soko la jumla la mjini, kuwa rahisi, na ni rahisi kweli, lakini ukienda kule kwa sababu ya kilo tatu za viazi, nauli na mbebaji watakula yote uliyookoa. Marikiti nendeni mkiwa majirani kadhaa mnaogawana gunia.

Soda siitaki. Mtoto hunywa robo ya chupa, kilichobaki kinamwagika kwenye kochi. Karakara chache, maji yaliyochemshwa yakapoa na sukari kidogo hujaza jagi, na vikombe vijazwe nusu.

Keki ndiyo inayonifanya nigombane na dada zangu. Keki ya kuagiza, yenye mnyama wa sukari juu yake, inaweza kugharimu kuliko chakula chote nilichotaja hapa, na ule udongo mtamu unaofunika keki watoto huubandua wakauacha. Gramu 250 za unga, sukari kiasi hicho hicho, siagi kiasi hicho hicho, mayai 4 na kijiko cha hamira ya unga, yaani baking powder: hiyo ni keki. Asiye na ovena anaweza kuioka kwenye sufuria nzito, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko. Kata vipande vya mraba vya kutosha kiganja cha mtoto. Ukitaka picha nzuri, weka mishumaa mingi.

Vifurushi vya kubeba nyumbani si lazima, ila mtoto mkubwa atakuuliza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, basi chukueni ile ya khaki, mtie penseli na ndizi. Na mkiamua kusherehekea kwenye msitu wa Karura, kumbukeni kwamba tangu Juni 2020 sahani, vikombe, vijiko na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja haviruhusiwi kwenye misitu na mbuga za hifadhi. Bebeni vyombo vya nyumbani.

Jambo moja kuhusu wale wanaopiga simu kuuliza, "Nikuletee nini?" Msijibu "njoo tu." Shosho mwambieni alete tikiti, shangazi alete sukari, na baba mdogo abebe viti vya kukodi. Ukimwacha mtu aamue mwenyewe, atafika saa kumi akiwa na keki ya pili.

Mama wa wawili, Umoja