Bwawa la mawimbi jangwani hupoteza maji kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nimesoma kuhusu mji wa La Quinta, California, ambako wakazi walipinga mradi wa bwawa la kuteleza juu ya mawimbi, na Septemba 2022 madiwani wakaukataa kwa kauli moja. Waliopinga walitaja sana galoni milioni 18 za kujaza bwawa hilo. Waliounga mkono walisema lingetumia maji kidogo kuliko uwanja wa gofu, na kwamba maji yangechujwa na kurudishwa yaleyale. Kama maji yanazunguka humohumo, yanapotelea wapi? Na kitaalamu, nani alikuwa na haki?

JIBU: Yanapotelea hewani, ndugu msomaji, na chujio haliwezi kuzuia hilo. Chujio huondoa uchafu tu, halirudishi tone lililokwisha kuwa mvuke.

Nianze na hizo galoni milioni 18. Ni takriban mita za ujazo 68,000. Ni tarakimu ya kutisha na inakaa vizuri kwenye bango, lakini kwa mtu wa maji ndiyo namba yenye uzito mdogo kuliko zote, kwa sababu bwawa hujazwa mara moja. Kinachoamua ni maji ya kujazia, yaani yale yanayoongezwa kila siku, mwaka hadi mwaka, ili kina kisishuke.

La Quinta iko katika bonde la Coachella, kwenye jangwa linalopata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka wa kawaida. Jirani yake upande wa kusini-mashariki ni ziwa Salton, ambalo hupoteza kwa mvukizo karibu mita 1.8 kila mwaka. Hiyo ni wastani wa milimita 5 kwa siku. Ukiitazama kwenye rula unaona si kitu, ila kwenye hekta moja ya maji milimita hizo 5 ni lita 50,000 kwa siku. Wakati wa kiangazi hupanda zaidi. Bwawa dogo lililozungukwa na mchanga mkavu huvukiza zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko ziwa kubwa, kwa kuwa upepo unaolifikia umetoka jangwani ukiwa wa moto na mkavu. Halafu ongeza mawimbi yenyewe: povu, matone yanayorushwa, na ufuko unaoloweshwa na kukauka mchana kutwa.

Tuchukue mfano wa bwawa lenye uso wa hekta 5 (mfano wangu wa hesabu, si vipimo vya mradi ule). Kwa mita 1.8 tu, mvukizo wake ni mita za ujazo 90,000 kwa mwaka. Linganisha na zile 68,000 za kulijaza: chini ya mwaka mmoja, maji yote ya mwanzo yangekuwa yameshaondoka na kulipwa na mengine.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sisi wa fani hatulielezi vya kutosha kwa wananchi, nalo ni chumvi. Mvuke hauchukui chumvi. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni: maji hupungua, chumvi inabaki. Maji ya mto Colorado, yanayofika bondeni humo kwa mfereji wa Coachella, yana takriban miligramu 700 za chumvi kwa lita kabla hata hujayatumia. Ukijazia tu bila kumwaga, chumvi itazidi kupanda mpaka iharibu pampu na mabomba. Kwa hiyo mwendeshaji hulazimika kumwaga sehemu ya maji na kuingiza mapya. Akitaka chumvi isizidi mara 2 ya ile ya maji yanayoingia, atamwaga kiasi kilekile kinachovukizwa. Kwa mfano wetu, mahitaji yanafika mita za ujazo 180,000 kwa mwaka. Akivumilia mara 3, yanashuka hadi 135,000. Ukisoma ripoti ya mradi wowote wa aina hii ukakuta mvukizo umehesabiwa na maji ya kumwaga hayakutajwa, simama hapo uulize.

Na gofu je? Kwa haki kabisa, waliounga mkono hawakudanganya. Nyasi katika bonde lile huhitaji mita 1.2 hadi 1.5 za maji kwa mwaka, pungufu kidogo ya uso wa maji, lakini uwanja wa mashimo 18 unaweza kuwa na hekta 30 au 40 za kumwagilia. Jumla yake inalizidi bwawa letu kwa mbali. Hata hivyo ulinganisho huo una mashimo mawili. Kwanza, nyasi zinaweza kumwagiliwa maji taka yaliyosafishwa au maji ya mfereji, wakati bwawa la watu kuogelea linahitaji maji ya kiwango cha juu zaidi, hivyo kwa kawaida linashindana moja kwa moja na bomba la nyumbani. Pili, swali ni kama linachukua nafasi ya uwanja wa gofu au linaongezwa juu ya vilivyopo, na bonde hilo tayari lina viwanja zaidi ya 100. Eneo la mradi lilikuwa limetengwa kwa makazi na gofu. Mjenzi aliomba libadilishwe ili aweke bwawa, hoteli na nyumba 600. Kwa hesabu ya gofu peke yake, wakazi wangeweza kushindwa. Walichokuwa nacho ni zaidi ya maji: taa za usiku, kelele na magari. Na kisheria, kubadili matumizi ya ardhi ni hiari ya baraza, mjenzi hadai kama haki yake.

Mimi naona wakazi walikuwa na haki, na sababu yangu iko chini ya ardhi. Wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walipima bonde hilo wakakuta kwamba kati ya 1995 na 2010 sehemu za La Quinta, Palm Desert na Indian Wells zilititia, mahali pengine kufikia karibu mita 0.6, kwa sababu ya kuvuta maji ya visima kupita kiasi. Tabaka la udongo wa mfinyanzi likishabanwa hivyo, nafasi ya kuhifadhi maji iliyopotea hairudi. Viwango vya visima vilianza kupanda tena baada ya maji ya mto Colorado kumwagwa kwa makusudi yazame ardhini, likiwemo bwawa la uzamishaji lililofunguliwa La Quinta kwenyewe 2009. Lakini Agosti 2021 serikali ilitangaza upungufu kwenye mto huohuo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Waliokuwa wanaambiwa wapunguze maji ya bustani walikuwa na kila sababu ya kuhoji.

Sheria ya California ya 2001 inadai kwamba mradi wa nyumba zaidi ya 500 uandaliwe tathmini ya maji kuonyesha kuwa yatatosha kwa miaka 20, hata miaka ya ukame ikifuatana. Mkazi akiipata tathmini hiyo, aende moja kwa moja kwenye ukurasa wa bwawa na atafute vitu vitatu: kina cha mvukizo kilichotumika na kilipimwa wapi, kiasi cha maji ya kumwaga na yanakopelekwa, na kama bwawa litakuwa na mita yake yenyewe ya kupimia maji, iliyotengwa na ya hoteli na bustani. Bila mita hiyo, hakuna atakayeweza kuthibitisha ahadi ya matumizi miaka 5 baada ya kufunguliwa.