Maswali na majibu: India ni tajiri au maskini? Mnunuzi wa mbaazi anauliza

SWALI: Mimi hununua mbaazi kwa wakulima huku Babati na kuwauzia wasafirishaji wa Dar es Salaam. Kila siku nasikia kwamba India ni moja ya nchi zenye uchumi mkubwa kabisa duniani, na ina watu karibu bilioni moja na nusu. Mjomba wangu husema soko lenye midomo mingi hivyo haliwezi kukosa kula mbaazi zetu. Lakini mwaka 2017 bei ilianguka nikiwa na magunia stoo, na hasara ile sijaisahau. Nchi hii ni tajiri au maskini? Na mtu ambaye hakusomea uchumi akitaka kuielewa, aanzie kwenye takwimu zipi?

JIBU: Mjomba wako amehesabu midomo. Hajahesabu mifuko, wala hajauliza hiyo midomo inampigia nani kura.

Tuanze na mifuko. Mwaka 2024 Pato la Taifa la India lilikuwa karibu dola trilioni 3.9. Ligawe kwa watu bilioni 1.45, utapata kama dola 2,700 kwa mtu kwa mwaka. Uingereza, ambayo mwaka huo ilikuwa nyuma ya India kwa jumla, ina zaidi ya dola 50,000 kwa mtu. Kenya ina elfu mbili na kidogo, sisi Tanzania tuko kwenye 1,200 hivi. Mhindi wa wastani, basi, kimapato ni jirani wa Mkenya. Ukubwa unaousikia redioni umetokana na wingi wa watu, na wingi huo ndio unaofanya dola 2,700 zilizorudiwa mara bilioni moja na nusu zionekane mlima.

Utakutana pia na takwimu inayosema Mhindi ana dola 11,000 kwa mwaka. Nayo ni ya kweli. Hiyo imerekebishwa kwa kuangalia bei za huko: kunyolewa nywele, chumba cha kupanga, nauli ya bajaji (na bajaji yenyewe tumeipata kwao) ni rahisi mno kuliko London, hivyo rupia inafika mbali kuliko dola inavyoonyesha. Ukitaka kujua watu wanaishi vipi, tumia hiyo kubwa. Wewe unauza bidhaa inayolipiwa kwa dola bandarini, na kinyozi hapakiwi melini. Tumia hiyo ndogo.

Sasa takwimu ambayo mimi ningeibandika ukutani stoo kwako. Kilimo cha India kinaajiri karibu 46% ya wafanyakazi wote, lakini kinachangia kama 18% tu ya pato. Piga hesabu: watu 46 wanagawana 18, waliobaki 54 wanagawana 82. Maana yake mtu aliye nje ya shamba anazalisha karibu mara nne ya aliye shambani. Pengo hilo linaeleza siasa za nchi ile kuliko hotuba yoyote. Mataifa mengine ya Asia yaliwatoa watu shambani kwa kuwapeleka viwandani. India iliruka hatua: huduma, kuanzia programu za kompyuta za Bengaluru hadi maduka ya mitaani, zimechukua zaidi ya nusu ya pato, huku viwanda vikibaki chini ya asilimia 20 licha ya kampeni kubwa ya 2014 iliyolenga kuvifikisha 25. Kijana wa kijijini Bihar hawezi kuamka asubuhi akawa mhandisi wa programu. Anabaki na nusu ekari ya baba yake, au anakwenda kubeba zege mjini bila mkataba.

Kwa hiyo serikali ya Delhi ina wateja wawili wanaovutana. Yuko mkulima, maskini, mwenye kura nyingi, anayetaka mazao yapande bei. Na yuko mlaji, naye maskini, mwenye kura nyingi vilevile, anayetaka yashuke. Katika kapu la bei, yaani orodha ya matumizi ya kaya inayopimia mfumuko wa bei, walilolitumia kwa miaka mingi, lililopimwa mwaka 2012, chakula na vinywaji vilichukua karibu 46%. Benki kuu yao imepewa lengo la mfumuko wa bei wa 4%, usishuke chini ya 2 wala kupita 6. Dengu na vitunguu vikipanda, riba ya benki inaguswa. Kuna serikali ya jimbo la Delhi iliyoangushwa kwenye uchaguzi wa 1998 huku kila mtu akizungumzia bei ya vitunguu.

Mbaazi zina shida yao ya pekee. Chini ya sheria ya chakula ya 2013, watu kama milioni 800 hupata mgawo wa nafaka, kilo tano kwa mtu kwa mwezi, na sasa ni bure. Lakini mgawo huo ni mchele na ngano hasa. Mboga ya jamii ya kunde, ile dali ya mbaazi au dengu inayoliwa na familia nyingi zisizogusa nyama, mtu anainunua sokoni kwa hela yake. Bei ya mchele ikipanda, maskini ana mgawo. Bei ya mbaazi ikipanda, hana pa kukimbilia, na waziri anapigiwa simu.

Ukishaelewa hilo, 2017 haitakushangaza tena. Mvua zilikuwa haba miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015. Oktoba 2015 kilo ya dali ya mbaazi ilifika rupia 200 katika baadhi ya miji, na mlaji akapiga kelele. Serikali ikamsikiliza: ikapandisha kima cha chini cha bei ili wakulima wapande zaidi, na mwaka 2016 ikatia saini makubaliano na Msumbiji ya kununua mbaazi kwa miaka mitano. Halafu mvua ya 2016 ikawa nzuri. Wakulima, waliokuwa wameona bei ya mwaka uliopita kama ulivyoiona wewe, walipanda kupita kiasi, wakavuna tani zaidi ya milioni 4.5, rekodi.

Juu ya hapo, usiku wa Novemba 8, 2016, noti za rupia 500 na 1,000 zilifutwa. Zilikuwa 86% ya thamani ya fedha taslimu iliyokuwa mikononi mwa watu. Fikiria mnada wa mazao usio na noti, wiki chache kabla ya mavuno kuanza. Wanunuzi hawana cha kulipia, mkulima hana pa kuhifadhi. Na hapa nikuonye kuhusu takwimu: kwa mwaka huohuo wa fedha, hesabu zilizorekebishwa baadaye zilionyesha uchumi umekua kwa zaidi ya 8%. Kampuni kubwa zinaandika vitabu, wachuuzi hawaandiki, na wakadiriaji wakati ule walikisia mengi ya wachuuzi kwa kuangalia kampuni. Siku kampuni na wachuuzi wanapokwenda njia tofauti, makisio hayo yanapotea njia. Kwa kuwa karibu wafanyakazi tisa kati ya kumi hawako kwenye ajira rasmi, mimi tarakimu ya ukuaji wa India ya mwaka mmoja huisoma kwa jicho moja.

Bei ikaporomoka chini ya ile iliyoahidiwa. Juni 2017 wakulima wa Mandsaur, Madhya Pradesh, waliandamana wakidai bei na kufutiwa madeni, na polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Miezi miwili baadaye, Agosti, ukawekwa ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Msumbiji walikuwa na mkataba wao mkononi, wakaendelea kupeleka. Sisi hatukuwa nao. Babati ilikuwa ndiyo kwanza inavuna.

Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021, kwa sababu kelele safari hii zilitoka upande wa mlaji, na tangu hapo ruhusa imekuwa ikiongezwa kipindi hadi kipindi. Si kwamba nchi imekuwa tajiri zaidi kwa ghafla, au imeanza kutupenda.

Unauliza uanzie wapi. Kwanza zoea lugha yao ya namba. Laki yao ndiyo laki yetu, tumeitoa kwao, lakini juu yake wana krore, yaani laki mia moja, milioni kumi. Nimeshuhudia wafanyabiashara wakipata hesabu pungufu mara kumi kwa kudhani krore ni milioni. Mwaka wao wa fedha unaanza Aprili na kuisha Machi, hivyo ukisoma "2023-24" usiulinganishe moja kwa moja na wetu wa Julai. Na ukiona takwimu yoyote ya "kwa kila mtu", kumbuka hesabu kamili ya watu ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2011. Iliyopangwa 2021 iliahirishwa, na inayofuata imepangwa kukamilika 2027. Mengine yote ni makadirio.

Kisha angalia mvua, kabla hujaangalia Pato la Taifa. Upepo wa kusi uliokuwa ukivusha majahazi yetu kwenda Gujarati ndio unaowapelekea mvua yao kuanzia Juni hadi Septemba, na katika miezi hiyo hunyesha karibu robo tatu ya mvua ya mwaka. Mbaazi hupandwa Juni na Julai, sana Maharashtra na Karnataka, na kuvunwa kuanzia Desemba. Zako zinatoka Agosti hadi Oktoba, stoo zao zikiwa zimekaribia kuisha. Hiyo ndiyo faida yako, lakini ina kikomo cha muda. Wizara yao ya kilimo hutangaza eneo lililopandwa wakati msimu ukiendelea. Eneo la mbaazi likipanda sana na mvua ikawa ya kutosha, usilaze magunia ukisubiri bei ya Januari. Likishuka, au mvua ikikata kama Agosti 2023, hapo hata mkulima wako wa Babati atakuwa ameshapata habari, na hatakuuzia kwa bei ya jana.

La mwisho ni la karatasi. Ruhusa ya kuingiza mbaazi mara nyingi imekuwa ikiandikwa hadi Machi 31, na kinachoangaliwa huwa ni tarehe iliyo kwenye hati ya shehena, ile inayotolewa mzigo ukipakiwa melini. Kabla hujatoa fedha shambani, muulize msafirishaji wako wa Dar es Salaam tangazo la sasa linaisha lini, na meli yake inapakia lini. Akijibu kwamba Wahindi ni wengi na lazima watakula, mpe namba ya mjomba wako, wazungumze.