Ukungu upo, sumukuvu haipo: inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi na shemeji yangu tulipanda mbegu moja ya mahindi hapa Kibaigwa. Yangu yalitoka na ukungu wa kijani kwenye ncha za magunzi. Yeye alichelewa kupanda, jua likamkamata mahindi yakibeba, lakini punje zake zilitoka nyeupe, za kupendeza. Mnunuzi alipopima sumukuvu, yangu yakapita, yake yakakataliwa. Shemeji anasema kipimo ni kibovu. Ukungu unaweza kuwepo bila sumu? Na sumu bila ukungu? – Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote mawili yanawezekana, na mwambie shemeji asikilaumu kipimo haraka.

Kuvu anayetuletea balaa hili, Aspergillus flavus, hahitaji sumu yake, aflatoksini (ndiyo sumukuvu aliyopima mnunuzi), ili aishi. Anaweza kula, kukua na kutoa vumbi lake la kijani bila kutengeneza hata chembe. Jeni za kutengeneza sumu, zaidi ya 25, zimejipanga mahali pamoja kwenye kromosomu yake ya tatu, na juu yake kuna jeni moja, aflR, ambayo ndiyo mnyapara: isipoamrisha, nyingine hazifanyi kazi. Nayo aflR inatii wakubwa wake. Mmojawapo ni laeA, iliyotambuliwa Marekani na Jin Woo Bok na Nancy Keller mwaka 2004 katika kuvu wa jamaa hiyohiyo, Aspergillus nidulans. Walipoiondoa, kuvu aliendelea kukua, ila utengenezaji wa sumu yake ukazimika, na hata penisilini anayoitengeneza ikapungua. Joto nalo lina kauli. Kwenye nyuzi 30 hivi jeni hizi huchapa kazi. Kwenye 37 kuvu anastawi vizuri, lakini sumu hushuka sana.

Maabara tunawaotesha kwenye visahani vya agari, yaani rojo la kuoteshea kuvu, iliyochanganywa na tui la nazi. Baada ya siku chache navigeuza chini juu na kuvimulika kwa taa ya urujuanimno. Kuvu wawili waliotoka kwenye gunzi moja, kwa macho huwezi kuwatofautisha: mmoja anazungukwa na duara la bluu inayong'aa, ambayo ni sumu, mwenzake giza tupu. Yule wa giza mara nyingi ana jeni zilizoharibika, au kipande kizima kimepotea. Hivyo ukungu wako huenda ni wa aina hiyo, au ni kuvu mwingine kabisa.

Kwa shemeji yako, ninachokishuku zaidi ni lile jua. Mahindi yakikosa maji wakati wa kubeba, kinga ya punje hulegea na wadudu huyatoboa. Kuvu huingia ndani na kutengeneza sumu huku ganda likibaki jeupe. Punje chache za namna hiyo zinatosha kuchafua gunia zima.

Nakuomba kwa moyo wote: mahindi yale yasiliwe, wala yasipelekwe gulioni. Kupika ugali hakuondoi sumu hii. Ng'ombe wa maziwa naye asipewe, kwa sababu sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Hao walikuwa wakulima kama ninyi, wakila walichokivuna wenyewe.

Msimu ujao anaweza kutumia Aflasafe. Ni punje za mtama zilizopakwa wale kuvu wasioweza kutengeneza sumu. Humwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari, nao huwahi kukalia nafasi ya wale wabaya. Hazifanyi kazi kwenye udongo mkavu, kwa hiyo asubiri kuwe na unyevu.

Na wewe usibweteke. Kipimo hiki cha aflatoksini hakioni sumu za kuvu wengine, kwa mfano fumonisini ya Fusarium, inayopenda mahindi sana. Chambua ncha zote zenye ukungu kabla ya kupukuchua, anika juu ya turubai na si ardhini, na usiweke ghalani mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Kuvu waliomo sasa wakiwa kimya wanaweza kuanza kazi ndani ya gunia lenye unyevu.