Maswali ya Wasomaji: Ngisi, Pilipili na Milango ya Neva

*Mwanangu yuko kidato cha nne na anataka kuwa mtafiti wa neva. Kazi hiyo ni ya namna gani, na itamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel? (Mzazi, Wete)*

Mzazi mwenzangu, nusu ya pili ya swali lako inanisikitisha, kwani barua nyingi za aina hii huanzia kwenye tuzo. Kazi yenyewe ni kutafuta namna mwili unavyogeuza joto, mguso au ladha kuwa umeme. Katika utando wa seli za neva mna protini zilizo kama milango midogo mno, ambayo ikifunguka, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu au kalsiamu huingia na ishara ikaanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walitumia ngisi, jamaa wa huyu tunayemkata vipande vya mchuzi, kwa sababu ndani ya mwili wake umepita uzi wa neva unaoweza kufikia unene wa milimita moja, hata waya mwembamba ukaweza kupenyezwa ndani yake. Waliupima umeme huo mwaka 1939, vita vikawakatiza, na maelezo kamili wakayachapisha mwaka 1952. Mtafiti Ardem Patapoutian, aliyehamia Marekani kutoka Lebanoni akiwa kijana wa miaka 18, alipoutafuta mlango wa mguso pamoja na Bertrand Coste, waliorodhesha jeni 72 walizozishuku, wakazizima moja baada ya moja, na kila mara wakaichokoza seli kwa ncha ya kioo kuona kama bado inajibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Tuzo ilikuja mwaka 2021, mwaka ule ule aliotuzwa Abdulrazak Gurnah wetu. Basi muulize mwanao kama yuko tayari kurudia jaribio moja mara sabini, nawe usimtoe kwenye fizikia na biolojia kwa maneno ya majirani.

*Pilipili inaunguza ulimi kweli? (Msomaji, Kiembesamaki)*

Haiunguzi, ila ubongo hauna namna ya kutofautisha. Mwaka 1997 kikundi cha David Julius huko California kiliupata mlango unaofunguliwa na kapsaisini, yaani kemikali ya pilipili inayowasha, na kikaona kwamba mlango huo huo hufunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi na zaidi. Kwa hiyo ujumbe unaofika ni mmoja. Kuku hudonoa pilipili bila taabu kwa kuwa mlango wake hauitikii kapsaisini. Ukiwashwa, kunywa maziwa, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Karafuu nayo ina mambo mawili: tafuna chembe moja kavu, utaona ulimi kwanza unawaka kisha unakufa ganzi, kwa kuwa kemikali ya yujenoli iliyomo huchokoza mlango wa joto na pia huzuia milango ya sodiamu. Hata hivyo, msiwape watoto wachanga mafuta ya karafuu kwenye fizi. Yakimezwa yanaweza kuharibu ini.

*Bunju akitolewa matumbo na kupikwa sana, analika? (Msomaji, Nungwi)*

Hapana, na nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi. Sumu yake haiharibiki kwa moto wa jikoni. Huziba milango ya sodiamu, midomo ikafa ganzi, kisha misuli ya kupumua ikalegea, wala hakuna dawa ya kuiondoa. Aliyemla apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

*Nitajie dawa ya ganzi ya miguu. (Hakutaja anakoishi)*

Nenda kapimwe sukari. Dawa haitolewi kwa barua.

*Sisi tusio na mashine tutafanyaje utafiti kama huu? (Mwanafunzi, Chake Chake)*

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingojea. Baldomero Olivera alirudi Ufilipino kutoka Marekani akiwa amesomea DNA, akakosa vifaa, akageukia konokono wa baharini wenye gamba la umbo la pia, ambao wavuvi waliwajua kuwa wanaua. Kutokana na sumu ya mmoja wao, Conus magus, ikapatikana dawa ya maumivu makali inayoziba milango ya kalsiamu kwenye uti wa mgongo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Jamaa zao wako katika miamba yetu, na kina mama waendao pwani maji ya bamvua yanapokupwa huwapita kila mara. Anza kwa kuwauliza kina mama hao wanawajua konokono gani na wanawaogopa wepi. Lakini usimwokote aliye hai wala usimtie mfukoni, hata kama gamba linapendeza: jino lake ni kama chusa, na wapo watu waliokufa kwa kuchomwa nalo.