Isomwe Mpaka Mwisho

Mmeuliza: "Mabishano ya dini hadharani yanajenga au yanabomoa?" Yanajenga, ila kwa sharti moja. Aya isomwe mpaka mwisho.

Nimekulia kwenye mihadhara. Dar es Salaam ya miaka ya 1980, wahubiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini, yaani kulinganisha Biblia na Kurani, waliofuata nyayo za mhadhiri Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, walisimama viwanjani na Biblia mkononi. Wainjilisti nao wakajibu kwa Kurani. Mhubiri hutaja sura, msomaji wake husoma kwa sauti, na pakifika panapomfaa mhubiri hupaza: "Hapo hapo! Rudia!" Takbiri zinapaa. Uwanja wa pili, haleluya.

Nilikuwa mpiga takbiri hodari. Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi," niliihifadhi kama hoja kwamba Yesu si Mungu. Sikujua kuwa aya ya 9 ya sura hiyo hiyo yasema, "Aliyeniona mimi amemwona Baba." Aliyenionyesha ni baba mkubwa, Mlutheri, sebuleni kwake, bila kupandisha sauti. Nami nikamfungulia An-Nisaa 4:171. Wainjilisti waliipenda kwa kumwita Isa neno la Mungu na roho iliyotoka kwake, wakafunga kitabu kabla ya "wala msiseme: Utatu." Baba mkubwa alinyamaza kitambo, akavaa miwani, akaomba asome mwenyewe kuanzia juu ya ukurasa. Hakusilimu, wala mimi sikubatizwa, lakini tangu siku ile tulibishana juu ya imani zetu zenyewe, si vipande vyake.

Waliotutangulia walibishana kwa vitabu vizima. Kasisi Godfrey Dale wa Zanzibar, mpinzani wa wazi wa Uislamu, aliifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1923, pingamizi zake akiziweka kwenye maelezo. Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali, wakatoa tafsiri yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, asiyekubaliana na tafsiri hizo mbili, akatoa yake kamili mwaka 1969. Maneno yao mengine yanachoma kwelikweli. Ila aya zote zipo, na msomaji anaweza kumpima mfasiri kwa macho yake.

Kwa hiyo ukali hauniogopeshi. An-Nahl 16:125 yataka tujadiliane kwa namna iliyo bora, 1 Petro 3:15 yataka tujibu kwa upole. Aya hizo mbili hazikutukataza kubishana. Ninachowaomba waandaaji wa midahalo ni kanuni moja tu: kila msemaji apewe haki ya kumwambia msomaji wa mwenzake, "Endelea."